Shangazi wa Bi Karani

Wajukuu zangu hunicheka. Wakija kunitazama hunikuta na kitabu chenye jalada la msichana wa mjini: viatu vya kisigino, mkoba mkononi, maghorofa nyuma yake, na pembeni kijana anamtupia jicho la wizi. "Bibi, na utu uzima huo?" Huwajibu kwamba ndiyo, na utu uzima huu huu. Mmoja wao, aliyesoma sana, aliwahi kuniambia kuwa vitabu hivyo vyote ni kimoja: msichana anakuja mjini, anapata kazi, anapata vituko, anapata mume. Nikamuuliza kama wali nao si ule ule kila siku, na mbona hajaacha kuula. Alicheka. Lakini jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, maana nilikuwa nimelikwepa swali, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya.

Kitabu cha kwanza cha namna hiyo nilikisoma miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Kariakoo. Nyumba ilikuwa kama nyingine zote za mtaa wetu: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma ua. Milango ilikuwapo, lakini mchana haikufungwa. Kulikuwa na mapazia tu, na mtu alipiga hodi akiwa keshaingia. Mimi nililala chumba kimoja na shangazi yangu. Sasa mtoto wa nyumba hiyo anafungua kitabu, na ukurasa wa kwanza kabisa msichana anarudi kutoka kazini, anapanda ngazi, anatoa ufunguo mkobani, anafungua chumba chake, anaingia, anafunga. Anavua viatu. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Hakuna anayemtuma chumvi. Niliurudia ukurasa ule mpaka nikaujua kwa moyo. Yule kijana wa mapenzi alikuwa hata hajatokea, na mimi nilikuwa nimekwisha kunaswa na ufunguo.

Wakati huo nilikuwa mwali. Wenzangu wengi walitawishwa mapema. Mimi baba aliniacha nimalize darasa la nane, kisha nami nikawekwa ndani, nisionekane ovyo njiani, nifundwe mambo ya unyumba, ningoje posa. Aliyenifunda alikuwa shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Baba mwenyewe alimwogopa, ingawa alisema anamheshimu.

Nilipokuwa ndani, mwalimu wangu wa zamani alileta habari. Ofisi moja kule Posta ilikuwa inachukua wasichana waliomaliza darasa la nane, inawafundisha kupiga taipu, halafu inawaajiri. Nafasi yangu ipo, alisema, mradi nifike kabla ya Ramadhani. Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitatazama." Baba alikuwa mchuuzi wa samaki, alfajiri yuko Feri ananunua, mchana yuko sokoni anauza, alasiri amelala. Kutazama kwake jambo kungeweza kuchukua mwaka. Na huku nyuma mama alikuwa amekwisha kunong'onezwa kwamba kuna ukoo mmoja wa Gerezani una kijana, dereva wa lori, mwenye adabu, na macho yao yako kwetu. Basi nilijua kwamba mambo mawili yako njiani, na litakalotangulia mlangoni ndilo litakalonichukua. Usiku sikulala vizuri kwa fikira hiyo.

Vitabu vilitoka kwa binti wa dukani. Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na duka la vitambaa la familia ya Kihindu, na binti yao, aliyenizidi umri kidogo, alikaa humo akipima vitambaa. Yeye naye shule ilikuwa imekwisha, na wazee wake walikuwa wakimtafutia mume kwa watu wao, Mombasa au Kampala. Jioni nilipotumwa uzi, nimejifunika baibui gubigubi, nilimkuta anasoma kitabu alichokificha chini ya jora la kaki. Nikalisoma jina la kitabu kwa sauti. Alishtuka, akanitazama, akacheka. "Kumbe unajua Kiingereza!" Juma lililofuata alinipa. "Soma, lakini usikunje kurasa. Na baba yangu asijue, na baba yako asijue." Sikuwahi kuingia kwao wala yeye kwetu, urafiki wetu wote ulikuwa juu ya meza ya duka, mkasi na futi ya kupimia vikiwa katikati. Lakini tulielewana, maana tulikuwa tunangoja kitu kimoja.

Alasiri, baba akishalala, wanawake wa nyumbani walikaa uani kusuka ukili, ile mikanda mirefu ya majani ya miyaa ambayo baadaye hushonwa mikeka. Kazi ya ukili inataka vidole tu. Masikio yanabaki bure. Walikuwapo mama, shangazi, na mpangaji wetu mmoja, mpika vitumbua, mwanamke mnene mcheshi aliyeachika mara tatu na hakuona haya kusimulia hata moja. Siku moja aliniona nacheka peke yangu na kitabu. "We mwali, unacheka na shetani gani? Tucheke wote." Nikaanza kuwafasiria. Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, na sauti chini, kwa sababu dirisha la chumba alicholala baba lilitazama uani.

Yule msichana wa kitabuni alikuwa na jina gumu la Kizungu, hawakulitaka. Walimpa lao, Bi Karani. Na kosa lao, kama ni kosa, lilianzia hapo. Sidhani kama walisahau kuwa ni hadithi, lakini walimchukua kama mtu. Walipokuwa wakipanga mambo yao asubuhi walikumbuka kuuliza kama Bi Karani leo anakwenda kazini au ni Jumapili. Habari ya chumba na ufunguo, iliyonifanya mimi nisilale, wao iliwaliza. Mwanamke kijana anakaa peke yake, anakula peke yake? "Wazazi wake wamekufa wote?" mama aliuliza. Nikasema wapo, wako mbali, shamba. "Na ndugu hana?" Siku ile shangazi aliposwali alasiri nilimsikia mwisho wa dua, mikono juu: "Na yule mtoto wa watu kule chumbani peke yake, ya Rabbi, umtazame." Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Vituko vya Bi Karani vilikuwa vidogo vidogo. Kisigino kimevunjika njiani, anaingia ofisini anachechemea. Kamwaga chai juu ya karatasi za bwana mkubwa. Kavaa kofia ya mwenzake kwa bahati mbaya, na mwenzake amegeuka mbogo. Mjukuu wangu angesema ni upuuzi. Mimi niliwatazama wale wanawake wanaocheka. Mama alikuwa amezika watoto watatu. Mpika vitumbua aliamka kabla ya jogoo kila siku ya Mungu. Kwao taabu ya kisigino kilichovunjika ilikuwa pumziko. Kila mmoja alishika lake. Mama alitaka nguo, nimweleze gauni limekatwaje, kola ikoje, na vifungo vingapi. Mpika vitumbua alitaka habari za Bi Karani kula mchana hotelini.

"Anakaa tu, analetewa?"

"Analetewa."

"Na sahani haoshi?"

"Haoshi. Anainuka anakwenda zake."

"Mungu mkubwa," alisema, akaacha kusuka kwa muda mrefu.

Shangazi hakusema anapenda nini. Lakini kila tulipoanza yeye ndiye aliyeuliza, bila kuinua uso, "Leo kazini kafanya nini?" Kama siku hiyo Bi Karani alikwenda dansi tu, alikuwa akiguna.

Hatari ikaja katikati ya kitabu. Bwana mkubwa wa ofisi, kijana, mzuri, alimwalika Bi Karani chakula cha jioni, wawili peke yao, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda ilionekana atamposa pale pale mezani. Nilifasiri bila kufikiri. Nilipoinua macho, ukili wa shangazi ulikuwa chini.

"Nani kamtuma mshenga?"

"Hakuna mshenga, shangazi. Wenzetu wanaposa wenyewe."

"Funga hilo litabu. Mtoto hana mtu, bwana wa ofisi anamwita usiku akamlishe, na sisi tumekaa hapa tunachekelea?" Kisha akamgeukia mama, na maneno aliyosema yaliniingia kama mwiba. "Hizo ndizo ofisi zenyewe. Na huyu anataka kwenda huko."

Mama aliitikia kwa kichwa. Nikaona Posta inaniponyoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya chakula cha watu wasiokuwapo duniani. Nilikuwa na hasira: na shangazi, na bwana mkubwa, na mwandishi aliyeshindwa kumpa msichana wake hata ndugu mmoja wa kumsimamia. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Lakini ana shangazi yake."

"Shangazi gani?" shangazi akauliza.

"Dada yake baba. Anafika kesho kwa treni. Amesikia."

"Siku zote hizo alikuwa wapi?"

"Alikuwa safarini."

Mpika vitumbua alipiga kofi pajani. "Sasa ndiyo tutaona!" Shangazi aliutazama ukili wake kwa muda, akauokota. Kesho yake hakuna aliyechelewa uani.

Tangu siku hiyo nilikuwa nafanya kazi mbili. Asubuhi nasoma kilichoandikwa, alasiri nasimulia kilichoandikwa pamoja na shangazi. Nilimfanya mrefu, mwenye sauti nzito, mjane. Alishuka kwenye treni na kikapu chake, akakikagua chumba cha Bi Karani, akaona vumbi chini ya kitanda, akamsema. Alimwendea bwana mkubwa ofisini na hakukaa mpaka alipoombwa. Nilipomsimulia binti wa dukani alicheka mpaka akaharibu kipimo cha mteja. "Mwongeze na mama mkwe," alisema, "ili ajue dunia." Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba watu wa Kampala wamekubali, na ataondoka mwezi unaokuja. Kitabu hicho alisema nibaki nacho. Nilinunua uzi ambao sikutumwa.

Mwisho wa kitabu, kama kilivyoandikwa, bwana mkubwa anaposa, Bi Karani analia kwa furaha, na kazi haitajwi tena, imeyeyuka kama barafu juani. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba haiyeyuki. Kwa hiyo siku ya mwisho uani, kabla Bi Karani hajafungua mdomo, shangazi yake alimwuliza yule bwana: "Mimi sina neno na wewe. Lakini mwanangu ana kazi yake, na hataiacha. Siku moja atachelewa kurudi. Wewe umetangulia, una njaa, jikoni hamna moto. Utafanyaje?"

Niliacha hapo, nikawatazama. Hakuna kidole kilichosogea.

"Akasemaje?" mama aliuliza.

"Akasema, 'Nitawasha moto.'"

"Mwongo!" mpika vitumbua alipiga kelele, na wote wakamnyamazisha kwa ajili ya baba. Walicheka, walibishana, mmoja akasema Mzungu anaweza, mwingine akasema hata Mzungu hawezi. Shangazi peke yake hakubishana. Aliomba nilirudie lile swali. Nikalirudia. Kisha akainuka kwenda kutia udhu.

Posa ndiyo iliyotangulia mlangoni.

Mshenga alikuja siku ya Ijumaa, mzee wa Gerezani aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na mwenzake mmoja. Walikaa na baba chumba cha mbele. Sisi wanawake tulisimama ukumbini nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, mama mbele, shangazi pembeni yake, mimi nyuma kabisa, ambapo kwa haki sikutakiwa kuwapo. Mshenga alisema maneno yake ya duara, kwamba wamekuja kuomba ua katika bustani ya watu. Baba alisikiliza. Mwisho akasema yale ambayo husemwa siku zote: "Tumesikia. Tupeni nafasi tukaulizane." Mama alipumua. Nilijua maana ya pumzi ile. Kuulizana kungekuwa kati yake na baba, mchana mmoja, na kungekwisha kwa ndiyo.

Hapo shangazi akasema, kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti yake nzito: "Mimi sina neno nanyi. Lakini mwanangu amepata kazi Posta, na hataiacha."

Kazi gani? Baba alikuwa bado anatazama.

"Siku moja atachelewa kurudi," shangazi aliendelea, polepole, bila kukosea neno. "Kijana wenu ametangulia, ana njaa, jikoni hamna moto. Atafanyaje?"

Mshenga alikohoa. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa masharti ya mahari, ya nguo na ya kitanda, na la moto hakuwa nalo. "Mama," alisema kwa upole, "mwanamume hawashi moto."

Kisha nikamsikia baba. Baba, aliyekuwa akilala kila alasiri, ambaye kwa ajili yake tulinong'ona miezi yote ile.

"Yule bwana alisema atawasha."

"Bwana yupi?" mshenga aliuliza.

Nadhani baba naye alishtuka kujisikia akisema. Kiti chake kililia. "Nendeni mkamwulize kijana," alisema. "Akiwa na jibu, karibuni."

Mama aligeuka, akamtazama shangazi, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. Mpika vitumbua, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, alijiziba mdomo kwa kanga asiangue kicheko.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Kijana alisema yeye anatafuta mke, hakuja kufanya mtihani. Baba akasema heri. Hakukuwa na ugomvi, lakini maneno mtaani yalikuwapo, kwamba binti wa mchuuzi ameharibiwa na vitabu, na shangazi yake ndiye aliyemfungulia njia. Mama hakusema nami vizuri kwa muda mrefu. Nitasema ukweli: nililia. Yule kijana sikumjua, sikumchukia, na pengine angekuwa mume mwema. Nililia kwa haya na kwa woga, na chini ya yote hayo nilikuwa na furaha iliyonitisha. Kabla ya Ramadhani baba alisema tu, asubuhi moja, akiwa amebeba tenga lake la samaki, "Kesho utafuatana nami mpaka Posta. Ni njia yangu ya Feri." Hakuitaja ile siku ya posa, wala mimi sikuthubutu kumwuliza alikuwa amesikia kurasa ngapi.

Usiku ule wa kuamkia kazi, shangazi alinisuka nywele chumbani kwetu. Pazia lilikuwa limeshuka. Alisuka mistari miwili mitatu, halafu akaniuliza, vidole vyake vikiwa bado kichwani kwangu, "Yule shangazi wa Bi Karani. Hayumo kitabuni, sivyo?"

Nilitaka kugeuka, akanishika kichwa nitulie.

"Hayumo," nilisema.

"Nilijua tangu siku aliposhuka kwenye treni. Alikuwa anasema kama mimi." Akasuka mstari mwingine mpaka mwisho, akaufunga. "Ila lile swali la moto sikuwa nalo. Mimi sikupata kumwuliza mtu. Mume wangu alikuja, nikapewa." Nikahisi anapasua mstari mwingine kwa ncha ya kitana. "Kesho ukirudi, tutafute kitabu kingine. Na huyo msichana naye, kama hana mtu, mpe shangazi."